Joho la Nunu

Mkasi ulikuwa umeshafunguka juu ya kitambaa cha buluu pale Sabra alipoweka kiganja chake katikati ya mstari wa chaki.

"Mama, usikate. Nunu si wa Nanga."

Mwanamkuu aliuinua mkasi akamtazama bintiye. "Toa mkono, nitakukata kidole."

"Kata kidole. Buluu usikate."

Mama akacheka, ingawa hakutaka kucheka, akauweka mkasi juu ya cherehani. Walikuwa kwenye baraza ya duka la Zoeb, mjini Kilindoni, mahali ambapo Mwanamkuu alishona tangu Sabra akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Pembeni yake palikuwa na vitambaa vya rangi nne, vimekunjwa na kupangwa ukutani, na huo ndio uliokuwa mzizi wa ugomvi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu Ussi, aliyefundisha Kiingereza katika sekondari ya pale mjini, alikuwa ameanzisha klabu ya kusoma, na klabu nzima ilikuwa imeingiwa na wazimu wa vitabu fulani. Vililetwa na Maleeha, binti wa mwenye duka, ambaye shangazi yake wa Dar es Salaam alimtumia vyote ndani ya boksi la biskuti. Vilisimulia juu ya shule iliyochongwa ndani ya jabali jeupe, ambako watoto hufundishwa kuzungumza na mawe na kutia viraka mawingu yaliyochanika. Mlangoni hukaa bawabu, kikongwe asiye na meno, naye humwuliza kila mtoto mpya swali moja tu: uliogopa nini, na ulifanya nini? Jibu ndilo linalompeleka mtoto katika nyumba yake. Aliyeogopa akasonga mbele huenda nyumba ya Mwenge, akavaa nyekundu. Aliyeogopa akasimama asitikisike ni wa Nanga, na rangi yao ni buluu. Aliyetumia akili huenda Ufunguo, wavaao njano. Na aliyeogopa akamwita mwenzake ni wa Kiganja, wao huvaa kijani.

Sabra alivisoma vitabu hivyo barazani kila alipotoka shule, mama akishona. Alikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, na pale Kiingereza kilipomshinda alitunga mwenyewe. Mwanamkuu alipajua kila mahali alipotunga, maana hapo ndipo hadithi ilipozidi utamu.

Sasa Mwalimu Ussi alikuwa ametangaza Siku ya Vitabu. Kila mwanaklabu angekuja na mhusika wa hadithi nyingine, ampendaye yeye, ampeleke mbele ya bawabu, aulizwe swali, apewe nyumba. Na majoho yote yangeshonwa na Mwanamkuu. Mwalimu alipokuja kumpa kazi ile, alimwuliza kama angeiweza peke yake, au atafutiwe fundi wa kumsaidia. Mwanamkuu akajibu kwamba ataiweza.

Wengine walichagua wanyama wa hadithi za bibi zao. Maleeha alichagua binti mfalme wa mchwa. Sabra alimchagua Nunu, ambaye mama yake alimsimulia habari zake tangu utotoni.

Nunu alikuwa wa mchezo wa redio uliorushwa kila Jumamosi baada ya alasiri, miaka mingi nyuma. Alikuwa msichana aliyeibiwa kivuli chake alipokuwa akichota maji, na kwa kuwa hakuwa na kivuli, hakuna aliyemtambua tena, hata mama yake mzazi. Akaondoka kwao kukitafuta kutoka kisima hadi kisima, visima saba, kila kimoja na mlinzi wake na hila zake. Mchezo ule ulianza Mwanamkuu akiwa ndio kwanza ametoka eda. Mumewe Iddi alikuwa amefariki, mtoto alikuwa mchanga, na cherehani lilikuwa bado geni miguuni mwake. Alimsikiliza Nunu kama mtu anayepokea habari za ndugu yake aliye safarini.

Nunu akiwa ndani ya kisima cha sita, redio ya Mwanamkuu iliharibika. Ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza ile, kilikuwepo kibanda cha Shaibu, fundi wa redio kutoka kisiwa cha Bwejuu. Mtu mwingine angevuka barabara tu akampelekea. Mwanamkuu hakuvuka. Basi Jumamosi iliyofuata Shaibu aliigeuza redio yake ikaelekea barabarani, akaifungulia sauti mpaka mbuzi waliokuwa wakilala pale wakahama. Ikawa hivyo hadi mchezo ulipokwisha. Hakuna kati yao aliyewahi kulizungumzia jambo hilo.

Kwa hiyo suala la nyumba ya Nunu halikuwa jambo dogo, na siku ile ya mkasi halikuishia kwa mama na mwana. Sabra alisema Nunu ni wa Mwenge, kwa sababu aliingia visima sita vyenye giza peke yake. Gulnar, mke wa Zoeb, aliyekuwa akipanga sabuni dirishani, alisema bila kugeuka kwamba msichana yule alimlaghai mlinzi wa kisima cha tatu kwa kitendawili, kwa hiyo ni wa Ufunguo na joho lake ni la njano. Zoeb alisema hajawahi kumsikia huyo Nunu, lakini njano ndiyo iliyobaki nyingi dukani. Mteja aliyekuja kununua mafuta ya taa alitaka asimuliwe mchezo wote toka mwanzo ndipo atoe uamuzi wake, na akasimuliwa, mafuta yakasubiri.

Mwanamkuu mwenyewe hakuwa na shaka. Katika kisima cha saba kivuli kilikuwa chini kabisa, na Nunu mkono mmoja ulikuwa umevunjika. Akamwambia mwuza vyungu, mtu yule yule aliyewahi kumsaliti huko nyuma, "Shuka wewe. Mimi nitashika kamba." Akaishika kwa mkono mmoja na meno mpaka kivuli kikatoka.

"Kusimama na kushika kamba ndiyo Nanga yenyewe," alisema Mwanamkuu. "Kuna la kubishana hapo?"

Shaibu alikuwa amevuka barabara na kikombe chake cha chai, kama alivyofanya siku nyingi, akasimama kwenye ngazi asiingie barazani. Ndege ndogo ya kutoka Dar ilikuwa ikishuka kiwanjani, akangoja mlio wake upite.

"Mimi nasema Kiganja," alisema. "Kamba aliishika baadaye. Kwanza aliomba."

Mwanamkuu alisema kuomba si kazi, kila mtu anaomba.

"Yeye haikuwa rahisi kwake. Kabla ya kusema yale maneno alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu nikadhani redio imekufa, nikaigonga. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema."

Watu walicheka, naye Shaibu akacheka. Mwanamkuu akaiinamia kazi yake na kuanza kukanyaga cherehani kwa kasi, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Alikuwa na sababu mbili za kuinama. Ya kwanza ilikuwa Shaibu mwenyewe. Kabla ya Ramadhani dada yake, Mize, alikuja barazani na mkungu wa ndizi na maneno mazuri: kaka yake ni mjane kama yeye, hana makuu, angependa kumwoa. Mwanamkuu alijibu kwamba atafikiri. Idd ilikuja ikapita, na Idd ya pili nayo, na Mize kila alipopita sokoni alimsalimu tu, hakumkumbusha, na ule ukimya wake ulikuwa mzito kuliko kukumbushwa.

Ya pili ilikuwa ya zamani. Iddi alipofariki, paa la nyumba yao lilikuwa likivuja, na Mwanamkuu alimwomba shemeji yake makuti. Shemeji aliyaleta, akayaezeka, akashukuriwa. Kisha kwenye arusi moja huko Kirongwe, mbele ya jamaa wote, alisema kwa sauti kwamba mjane wa Iddi analala chini ya makuti yake yeye. Watu walicheka kidogo, kicheko cha arusini tu, wakaendelea na pilau. Mwanamkuu alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na tangu siku ile hakuomba tena. Alishona mpaka akaezeka mabati. Chumvi ikimwishia usiku, mchuzi uliliwa bila chumvi.

Hakuwa na huzuni, mtu asimdhanie hivyo. Alipenda kazi yake na alipenda kucheka, na nyumba yake ilikuwa na mlango wa rangi ya pinki alioupaka mwenyewe. Ila alikuwa amezoea kubeba vitu vyake kwa mikono yake, na kila akifikiria kuolewa aliona kama mtu anayemwambia avitue, naye hakujua mikono mitupu ataiweka wapi.

Majoho yaliendelea vizuri. Ya nyekundu yalikamilika kwanza, kisha ya kijani. Kitambaa cha buluu cha Nunu kilibaki na mstari wake wa chaki, kimekunjwa, kwa kuwa Sabra alikuwa ameapa hatavaa buluu, na mama alikuwa ameapa hatakata nyekundu. Walikubaliana liwe la mwisho.

Jumatano alasiri, wakati rundo la njano bado ni vipande na Siku ya Vitabu ni Jumamosi, cherehani lilitoa mlio kama wa mtu anayevunja muwa kwa goti. Kile chuma kinachoshika sindano kilikuwa kimekatika. Zoeb alikuja akakitazama, akatikisa kichwa. Alisema kifaa kama kile hakipatikani kisiwani, atapiga simu Dar, lakini kitakuja na boti ya wiki ijayo.

"Haidhuru," alisema Mwanamkuu. "Nitashona kwa mkono."

Aliyabeba yale majoho kichwani mpaka nyumbani. Alishona mpaka usiku wa manane, na kesho yake alfajiri alirudi barazani akiwa na mawili tu yaliyokamilika, na vidole vimetoboka. Sabra alitaka kwenda kuwaambia wenzake wa klabu. Mama akamkataza asimwambie mtu yeyote.

"Na mimi si mtu?" aliuliza Sabra. Alichukua sindano, akakaa chini, akaanza kukunja pindo, na mama akamsogezea uzi. Lakini saa ya shule ilipofika alimwamuru aende, naye akaenda akigeuka nyuma.

Mchana wa Alhamisi, saa ya mapumziko ya shule, Maleeha alikuja barazani kujipima. Alikuwa ametengeneza taji la binti mfalme wa mchwa kwa udongo wa kichuguu na gundi, akalibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Mwanamkuu alimvika joho la njano lililoshikizwa kwa pini tupu. Maleeha alijitazama kwenye kioo cha dirisha la duka, akageuka huku, akageuka kule, na pini zikaanza kudondoka moja moja sakafuni. Hakuziona. Alisema kwamba usiku huu hatalala kwa furaha, akaliweka taji vizuri kichwani, akakimbilia ndani kumwonyesha baba yake.

Mwanamkuu aliinama akaziokota pini. Aliziokota zote, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini, akaendelea kuinama ingawa zilikuwa zimekwisha. Halafu akasimama.

Nyuma ya duka la Zoeb kulikuwa na pazia la shanga, na nyuma ya pazia ndiko nyumba ilipoanzia. Miaka yote aliyokaa barazani pale, Mwanamkuu hakuwahi kulivuka pazia hilo. Sasa alipita kati ya magunia ya mchele, akazigawa shanga kwa mkono, akaingia. Gulnar alikuwa jikoni akikaanga dagaa, mikono ina unga wa dengu mpaka kwenye viwiko.

"Mama Maleeha," alisema Mwanamkuu, kisha akanyamaza.

Gulnar alingoja. Mafuta yakaendelea kulia.

"Cherehani langu limevunjika. Majoho hayataisha. Naomba unisaidie."

Gulnar alilishusha karai, akajifuta mikono polepole kwa nguo, kidole kimoja kimoja. "Miaka yote hii uko barazani kwangu, hujaniomba hata maji ya kunywa," alisema. "Mimi nilidhani hunipendi."

Mwanamkuu alisema siyo hivyo, haikuwa hivyo kamwe. Akataka kueleza ilikuwaje, habari ya makuti na arusi ya Kirongwe, lakini Gulnar alikuwa ameshaingia chumbani. Alitoka amebeba cherehani la mkono, dogo, jeusi, lenye maua ya dhahabu ubavuni. Alikuja nalo kutoka kwao siku alipoolewa, na tangu hapo lilikuwa limefunikwa kitambaa cha lesi na kuwekewa picha za watoto juu yake. Picha zile alizimwaga kitandani bila kuzitazama.

Kuvuka pazia kulikuwa kugumu, na kuvuka barabara kukawa kugumu zaidi. Mwanamkuu alisimama ukingoni akaacha pikipiki mbili zipite, na ya tatu, ambayo ilikuwa bado mbali sana. Shaibu alimwona akija. Alikuwa ameshika chuma chake cha kuchomea nyaya, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda, akakiweka pembeni.

"Fundi," alisema Mwanamkuu, "njoo ulitazame cherehani langu. Na kama halitengenezeki, njoo hivyo hivyo."

Shaibu hakufunga kibanda. Alikuja na bisibisi zake, akalifungua cherehani, akalichungulia tumboni, akalipuliza vumbi, akalifunga tena. Alikiri kwamba hii si redio na hajui aanzie wapi. Kisha akauliza kama pana sindano nene. Baba yake kule Bwejuu alikuwa mshona matanga, na yeye alishika sindano kabla ya kushika bisibisi.

Basi alasiri ile, na Ijumaa asubuhi mpaka wanaume walipokwenda msikitini, baraza ya Zoeb ilijaa kuliko siku ya kuamkia Idd. Gulnar alishona kwa lile cherehani lake dogo huku Zoeb akilizungusha gurudumu, na kila alipozubaa kwa ajili ya mteja, mshono ulisimama na mkewe akamgonga goti. Sabra alirudi na klabu nzima, na kwa Ijumaa Mwalimu Ussi akawaombea ruhusa shuleni. Waliojua kushona walikunja pindo, wasiojua walitia uzi kwenye sindano. Mwalimu Ussi alipewa pasi ya mkaa na onyo kali, na pamoja na onyo aliunguza kola moja, ikabidi mwenye joho lile abadilishiwe hadithi awe mtu aliyepona moto. Mize alipita kutoka sokoni, akasimama, akatazama, akakitua kikapu chake. Aliketi karibu na Mwanamkuu, akachukua mkono wa joho, akaanza kushona.

Shaibu alishona mshono wa tanga, mikato mirefu iliyolala upande, imekazwa kwa nguvu zote. Watoto walimcheka. Alisema wacheke, lakini upepo wa kusi hauwezi kulichana joho lile, na Sabra, aliyelivuta kwa mguu na mikono, alithibitisha kuwa ni kweli.

Likabaki joho moja. Kitambaa cha buluu kilikuwa pale pale, na mstari wake wa chaki umefifia. Watu walipunguza mazungumzo bila kuambiwa, maana kila mmoja alikuwa na neno lake juu ya Nunu, na kila mmoja alikuwa ameshalisema. Sabra aliutazama mkono wa mama yake.

Mwanamkuu alichukua kijani.

Alikitandaza juu ya meza ya duka, akapima kwa futi, akakata bila kuchora. Sabra, mtu wa nyekundu tangu siku ya kwanza, alisogea kushika ncha ya kitambaa ili kisiteleze.

"Mimi bado nasema njano," alisema Gulnar.

Shaibu alilamba uzi, akautia kwenye sindano, akampa Mwanamkuu.

Jumamosi, uwanja wa shule ulikuwa umefungwa maturubai, na viti vilikwisha mapema, wengine wakaketi kwenye mikeka. Watu wa Hifadhi ya Bahari walikuwa wamekuja kutoka Utende, wamebandika picha za matumbawe na za papa potwe, yule samaki mkubwa mpole mwenye madoa meupe mgongoni, kwenye ukuta wa darasa, na mmoja wao alikuwa akiwaeleza wazee mambo ambayo wazee walikuwa wakiyajua, nao wakimsikiliza kwa adabu. Mwalimu Ussi alikuwa ndiye bawabu. Alijifunga shuka, akapaka meno masizi, na aliuliza swali lake kwa sauti ya kutetemeka iliyowachekesha hata wake wa masheikh. Maleeha alipita, taji likadondosha udongo njia nzima, akapelekwa Ufunguo kwa vigelegele. Aliyepona moto alipelekwa Mwenge.

Sabra alipotoka mbele na joho la kijani, Mwanamkuu aliuona ule mshono wa pindo tokea mbali, umepinda kama njia ya ng'ombe. Aliona pia kwamba mtoto amekuwa mrefu. Aliuona urefu ule pale pale, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyempima.

"Uliogopa nini," aliuliza bawabu, "na ulifanya nini?"

Sabra alinyamaza. Alinyamaza mpaka Mwalimu Ussi akamchungulia kwa jicho moja, na mama yake akashika upindo wa kanga kwa meno, akihofia amesahau maneno. Kule nyuma, karibu na betri ya kipaza sauti, Shaibu alikuwa amesimama mkono umeinuka nusu, kama mtu anayetaka kugonga kitu.

"Niliogopa kisima cha mwisho," alisema Sabra. "Nikamwita mwuza vyungu."

Bibi mmoja katikati ya mikeka, ambaye hakuna aliyejua kama aliwahi kumiliki redio, alisema kwa sauti ya kawaida, "Ndivyo ilivyokuwa." Halafu watoto wa Kiganja wakainua viganja vyao vyote, na makofi yakaanza huko mbele, yakaenea nyuma mpaka kwa wauza ubuyu getini.

Baada ya chakula watu wa Hifadhi walisema wana boti ufukweni, na papa potwe ameonekana asubuhi si mbali. Wanaklabu na wazazi wao wanaweza kwenda kumtazama. Mwanamkuu alizaliwa Kilindoni, na kila mwaka, ikifika miezi ya papa potwe, aliwaona wageni wakishuka kwenye ndege kwa ajili yake. Yeye hakuwahi kwenda. Siku zote palikuwa na nguo ya mtu inayongoja.

Walipokuwa wakisubiri boti isogezwe, Mize alikuwa ameketi kando yake mchangani, viatu mkononi.

"Mize," alisema Mwanamkuu, akitazama maji, "mwambie kaka yako aende Kirongwe kwa mjomba wangu. Wazee wakae wazungumze."

Mize alichora kitu mchangani kwa kisigino, akakifuta. "Aende lini?"

"Kesho Jumapili mjomba hushinda nyumbani."

Mize alijifunga kanga yake upya, akaikaza sana, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo, ila uso wote ulikuwa ukicheka. Aliinuka akaenda kule mwisho wa ufuko alikokuwa kaka yake akiwasaidia wenye boti. Mwanamkuu hakugeuka kutazama. Alisikia tu kamba ikianguka majini kwa kishindo, na mtu akiulizwa na nahodha kama yuko sawa, na mtu huyo akijibu kwamba yuko sawa kabisa.

Boti ilikwenda taratibu mbele ya mji. Watoto walikuwa bado wamevaa majoho, nyekundu na njano na kijani na buluu, na upepo uliyajaza yakawa makubwa kuliko wao. Nahodha alizima injini. Mtu mmoja akanyoosha kidole upande wa kulia, na papo hapo watoto wote, na Mwalimu Ussi, na Gulnar aliyekuwa akimkataza Maleeha asisimame, wakakimbilia upande huo. Boti ikalala. Nahodha akaomba watu wazima wawili wakae kushoto waisawazishe, wasiondoke hapo hata kidogo.

Ndivyo Mwanamkuu na Shaibu walivyojikuta wamekaa peke yao upande ambao hauna kitu, wametazamana na migongo ya watu. Walisikia watoto wakihema. Walisikia Sabra akisema ni mkubwa kuliko basi. Upande wao kulikuwa na maji tu, ya kijani kibichi, na jua likiyapiga.

"Tutasimuliwa," alisema Shaibu.

"Nimezoea kusimuliwa," alisema Mwanamkuu. Akaegemea ukingo wa boti, akaushusha mkono, vidole vikagusa maji, na maji yalikuwa vuguvugu. Chini kabisa, kutokea uvunguni mwa boti, kukaanza kutokea doa moja jeupe, kisha mengine kando yake, yamepangika kwa mistari, yakipanda polepole bila haraka yoyote, mapana, mengi, mpaka pakawa hapana maji tena upande ule bali madoa.